Mwinjilisti Aliyekula Amesimama

Mchungaji wetu wa sasa, kijana mwenye heshima na viatu vinavyong'aa, aliniomba niandae maneno machache kuhusu ule wimbo wetu wa zamani wa shukrani, niyasome mbele ya kwaya za Kindu zitakapokutana. Alitaka historia na maana: nani aliutunga, kwa nini, beti zake zinafundisha nini. "Kwa kifupi tu, Mama," aliniambia, "watu wasisinzie." Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimechoka kubishana naye habari za spika za kanisani. Nilipokaa kuandika niligundua kwamba ninachokijua kuhusu wimbo ule ni mtu mmoja, na mtu mwenyewe haelezeki kwa kifupi.

Tulimwita Mwinjilisti. Jina alikuwa nalo, lakini hakuna aliyelitumia, hata mke wake. Alizaliwa wapi na kwa nani sitaeleza. Hayo aliyajua yeye, na tulipomuuliza alituambia tufungue vitabu vya nyimbo. Nilipomfahamu nilikuwa msichana wa sauti ya pili katika kwaya, naye alikuwa tayari vile alivyobaki siku zote: mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni hata jua likiwa la utosi, suruali imekunjwa juu ya vifundo vya miguu kwa sababu ya tope.

Kanisa letu halikuwa na kinanda wala mtu wa kukipiga. Noti ya kuanzia tulipewa na reli. Stesheni haikuwa mbali, na asubuhi kichwa cha treni kilipokuwa kikipanga mabehewa ya mizigo, kilipiga honi. Mwinjilisti aliinua kidole, akaishika ile sauti kwa kuguna, kisha akaigawa: ninyi wa kwanza pandeni, ninyi wa pili kaeni hapa, besi shukeni. Siku ambayo treni ilichelewa, na ibada ilichelewa. "Ngojeni noti," alisema, na waumini wakangoja huku wakijipepea kwa vitabu. Hakuwa na saa mkononi, lakini aliyefika kanisani baada ya honi alimkaripia mpaka mtu anatamani ardhi ipasuke.

Vita ilipoikata reli tukapoteza noti. Tulianza kuimba kwa kukumbuka, na kumbukumbu ya watu wenye njaa huteremka. Kila mwezi tulikuwa chini kidogo kuliko mwezi uliopita. Ramazani, kiongozi wa besi, Mkristo tangu babu yake ingawa ana jina la mwezi wa mfungo, kama wengi wetu huku Maniema, siku moja aliacha kuimba katikati ya ubeti akasema, "Mwinjilisti, miye nimefika mu udongo. Chini ya hapa haiko kitu." Tulicheka. Mwinjilisti hakucheka. Alituambia treni itarudi, na itakaporudi tutaona aibu.

Hakuwa mtu rahisi. Alituhubiria kusameheana, naye alikuwa na ugomvi wa miaka na mbuzi wa jirani aliyewahi kula ukurasa wa kitabu chake. Walevi aliwaonea huruma, aliwapa maji na pahali pa kulala kwenye benchi la nyuma; lakini sisi wa sauti ya pili tukilegeza noti moja alituita wavivu mbele ya wageni. Hakupenda mtu alie kanisani. Alisema kilio kinaharibu pumzi. Mchungaji wa wakati ule alipokuwa safarini Kisangani barabara zikafungwa, asiweze kurudi, mazishi yote yakamwangukia yeye. Nilimwona akishika koleo yeye mwenyewe, akizika watu wa kwetu na wa kanisa jirani na watu ambao hakuna aliyewajua. Alizika asubuhi, alizika mchana, akarudi nyumbani na udongo kwenye nyusi. Wala hakulia. Pumzi yake ilikuwa nzima kabisa, na mimi nilimwogopa kwa hilo.

Sasa huo wimbo. Kitabu chetu cha nyimbo kilitoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na ukurasa wa wimbo ule tuliujua bila kutafuta kwa sababu ulikuwa na doa la mawese. Watu huuimba kwenye mavuno, harusi, na siku mtoto amefaulu mtihani. Wanaupiga makofi. Nimechoka kusikia watu wakisema ni wimbo wa furaha.

Mwinjilisti alitusimulia mara nyingi kwamba ulitungwa zamani na mchungaji katika mji mmoja wa Wajerumani, na kila mara alibadilisha kitu. Siku moja ule mji wa Wajerumani ulikuwa kando ya mto mkubwa sawa na Lualaba wetu hapa Kindu, siku nyingine haukuwa na mto hata wa kufulia. Siku moja ulikuwa na malango mawili, siku nyingine manne. Ramazani alipomkumbusha, alijibu kwamba yeye hakuwa fundi wa malango. Lakini kiini hakikubadilika. Kulikuwa na vita ya Wakristo kwa Wakristo, ndefu hata watoto waliozaliwa ndani yake wakaota ndevu kabla haijaisha. Watu wa vijijini walikimbilia ndani ya ule mji kwa sababu ulikuwa na kuta. Wakajazana, njaa ikaja, na nyuma ya njaa tauni. Wachungaji wengine walikufa au waliondoka. Alibaki mmoja, naye akazika watu mpaka akamfikia mke wake mwenyewe. Na mahali fulani katikati ya hayo yote aliandika maneno mafupi ya kushukuru, ili watoto wake wayaimbe kabla ya kula.

"Si wimbo ya kanisa ile," Mwinjilisti alituambia, akigonga kitabu kwa kidole. "Njo wimbo ya meza. Kanisa iliazima tu."

Alitufundisha pia jinsi beti zake zilivyojengwa, na hapo ndipo alipokuwa mwalimu hasa. Ubeti wa kwanza, alisema, unadai vitu vitatu kutoka kwa mtu: moyo, kinywa na mikono. Ukitoa viwili ukaficha cha tatu, hujaimba. Ubeti wa pili, ambao watu wengi huupitia haraka, si shukrani hata kidogo, ni ombi. Ni mtu aliyechoka anayeomba amani, na moyo usiozimika, na kuvushwa. Ubeti wa tatu ni sifa, nao wengi huuimba huku wakitafuta viatu vyao chini ya benchi. "Angalieni katikati," alituambia. "Ameshukuru, halafu anaomba. Muntu anaomba juu ya kile hajapata. Kwa hiyo alishukuru na mikono mitupu."

Kutokana na hayo alitunga sheria, na sheria hiyo ikaingia katika nyumba nyingi za waumini wetu. Hakuna kula kabla ya ubeti wa kwanza, na hakuna kuanza ubeti wa kwanza kabla wenye meza hawajatimia. Aliisema kwa maneno machache: "Kwanza watu, halafu wimbo, halafu chakula." Mtu akikosekana, angojewe. Kama yuko katika safari inayojulikana, kiti chake kinageuzwa kitazame ukuta, na meza inahesabiwa kuwa imetimia. Lakini kama yuko karibu, au hamjui aliko, mnangoja. Nimekula ugali wa baridi miaka mingi kwa ajili ya sheria ile.

Nakumbuka mara ya kwanza nilipoalikwa kwao. Mama Mwinjilisti alikuwa ametengeneza sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, yenye mawese na samaki wa mtoni, na ugali wa muhogo ulikuwa ukitoa moshi. Tulisimama kuizunguka meza, kila mtu nyuma ya kiti chake, tukimngoja binti yao aliyekwenda kuoga. Moshi ukapungua. Ukakatika.

"Chakula inapoa!" Mama alipiga kelele kuelekea uani.

"Ipoe," mume wake akajibu kwa utulivu wa kuudhi.

Binti aliingia mbio, nywele zinadondosha maji, akicheka, akasimama nyuma ya kiti kilichokuwa upande wa dirisha. Ndipo Mwinjilisti akaanzisha. Yule msichana alikuwa sauti ya kwanza katika kwaya yetu, alinizidi umri kidogo, na nilimpenda. Aliniazima blauzi yake ya njano kwa Krismasi na hakuniuliza nitairudisha lini. Walikuwa na mtoto huyo mmoja tu.

Kisha vita ikatuzunguka. Msituni walikaa wapiganaji, mjini walikaa wasoda, yaani askari, na sisi tulikuwa katikati. Mashamba yalikuwa ng'ambo ya mto na mitumbwi ilikatazwa kuvuka. Treni haikuja, boti hazikuja. Muhogo uliozeekea ardhini tungeweza kuuona kwa macho kama tungekuwa na macho ya kuvuka maji. Tulikula majani. Baadhi ya wanawake waliunda vikundi vya kwenda kwa miguu upande wa Kampene, kwenye machimbo, wakipeleka chumvi na sabuni ili warudi na mchele. Wengine walirudi.

Binti alikwenda na kikundi kimojawapo. Baba yake ndiye aliyekubali, baada ya Mama kukataa kwa muda mrefu, kwa sababu ndani ya nyumba hakukuwa tena na kitu cha kupika. Asubuhi ile nilikuwapo. Mama yangu alikuwa amenituma nimpelekee sabuni yetu aiuze pamoja na yao. Uji ulikuwa bado jikoni, lakini wenzake walikuwa wakimwita barabarani, wasitake jua liwakute karibu na kizuizi cha wasoda. Aliondoka bila kula. Mwinjilisti alimsindikiza mpaka nyumba ya mwisho, mimi nikifuata nyuma.

"Enda, urudi," alimwambia. "Hatukai ku meza bila weye."

Binti akacheka, mzigo kichwani. "Basi mutafunga sana, Baba."

Wenzake walirudi bila yeye. Walisema risasi zililia njiani, watu wakatawanyika, wao wakakimbilia upande mmoja wa msitu na yeye upande mwingine. Walimwita mpaka wakaogopa sauti zao wenyewe. Hawakuona damu, hawakuona mwili, hawakuona chochote. Ndiyo habari yote tuliyopata, na mpaka leo haijaongezeka hata neno.

Jumapili iliyofuata Mwinjilisti alisimama mbele yetu, shati limefungwa mpaka shingoni, akautaja ule wimbo. Hakuna aliyefungua kitabu. Ramazani, aliyekuwa amezika mtoto wiki ile, aliinuka kutoka kwenye benchi la besi.

"Mwinjilisti," alisema, na sauti yake ilikuwa ya heshima, "juu ya nini tunashukuru? Mutuambie tu. Muhogo haiko. Treni haiko. Mutoto wangu haiko, na wa kwenu hatujue aliko. Tungojee hata treni irudi, njo tuimbe."

Wengi waliitikia kwa kichwa. Wazo la treni lilikuwa zuri. Wakati ule kila jambo jema tulilisogeza mpaka treni irudi. Mwinjilisti akatusimulia tena habari za yule mchungaji wa Wajerumani, na siku ile hakukuwa na mto wala malango, kulikuwa na mtu na koleo tu.

"Hakungoja vita iishe," alimaliza. "Kama angengoja, watoto wake wangekufa bila kujua wimbo. Ramazani, baba, kaa. Kama huwezi kuimba, saidia wengine kwa kukaa."

Ramazani akakaa. Tuliimba chini sana, kwenye udongo wa Ramazani, na ilikuwa mbaya, na nililia nikaharibu pumzi yangu. Ni katikati ya ubeti wa kwanza nilipomwangalia Mwinjilisti. Mikono yake ilikuwa ikituongoza sawasawa, ikipanda na kushuka. Mdomo wake ulikuwa umefungwa.

Nilidhani anazuia kilio. Lakini mara ya pili tulipouimba mdomo ulikuwa umefungwa vilevile, na mara ya tatu. Nyimbo nyingine aliimba. Huu mmoja alitupa mikono tu. Yeye aliyetufundisha kwamba ukificha kimoja kati ya vile vitatu hujaimba, alisimama mbele yetu kila mwaka amekificha, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Mama Mwinjilisti ndiye aliyeniambia mengine, tukiwa tunatwanga. "Bwana yangu hakai tena ku meza," alisema bila kuinua uso. "Anachukua sahani yake, anaenda ku mulango, anakula amesimama, anaangalia barabara. Alimuambia mutoto hatukai bila weye. Bon, haya. Yeye hakai." Akatwanga kidogo. "Miye nakaa. Ningesimama, ningeanguka."

Siku zile niliona ni jambo la wiki chache. Ikawa miezi, na amani ikasainiwa huko mbali na watu wa mbali, na wapiganaji wakaanza kutoka msituni wakiomba chumvi, naye bado alikula mlangoni. Alimuuliza kila msafiri. Wachimbaji kutoka Kampene, madereva wa pikipiki wa Lubutu, masista, wafungwa walioachiwa. Aliuliza kwa adabu, akashukuru, akarudi nyumbani. Kiti cha binti, kile cha upande wa dirisha, hakukigeuza kitazame ukuta.

Treni ikarudi. Hilo watu wa Kindu wa umri wangu hatutalisahau. Mji mzima ulishuka stesheni, Waislamu kwa Wakristo, wengine wamepanda juu ya mabehewa mabovu yaliyoota majani. Kwaya zote zilikuwepo na sisi tulikuwa na ahadi ya wimbo wetu. Mwinjilisti alitupanga mapema jukwaani. Akatupanga tumeupa mgongo upande wa reli, yeye mwenyewe amesimama kuielekea.

"Mwinjilisti," tulilalamika, "treni itapita nyuma yetu, hatutaiona!"

"Mutaisikia."

Tulinung'unika sana. Miaka yote hiyo tumeingojea treni, halafu inaingia na sisi tunatazama ukuta wa ghala. Ilipopiga honi watu walipiga vigelegele, na Mwinjilisti akainua kidole, akaguna, na tukagundua kwamba alikuwa amesema kweli: tulikuwa tumeshuka vibaya mno. Honi ilikuwa juu kule, nusura tusiifikie. Tukaimba tukikazana, mishipa ya shingo imetutoka. Mimi niliimba nikimtazama yeye. Macho yake hayakuwa kwetu. Yalikuwa yakipita juu ya vichwa vyetu, behewa moja baada ya jingine, mlango baada ya mlango, kila mtu aliyeshuka na mzigo wake. Mikono iliendelea yenyewe. Tulimaliza ubeti wa tatu na mikono haikusimama, kwa hiyo tukarudia wa kwanza, kisha wa pili, mpaka jukwaa likabaki na wachukuzi peke yao. Ndipo nilipoelewa kwa nini alitupanga vile, na sikulalamika tena.

Baada ya hapo nikaolewa Lubutu. Nilikaa huko miaka mingi, nikafundisha shule, nikapata watoto, nikazoea mvua ya upande ule. Kila nilipokutana na mtu wa kwetu niliuliza, "Mwinjilisti amekaa?" Jibu lilikuwa moja. Kwenye harusi alikula amesimama, wageni wakadhani ni unyenyekevu. Mgeni wa heshima kutoka makao makuu ya kanisa alimvutia kiti, naye Mwinjilisti akasema ana maumivu ya mgongo. Uongo huo alikuwa tayari kuusema. Wakati huohuo aliendelea kufundisha wimbo ule kwa kizazi baada ya kizazi cha kwaya, na kuwakaripia wa sauti ya pili.

Nilirudi Kindu nikiwa mjane na magoti mabovu. Mwinjilisti na mkewe sasa wamelala makaburini upande wa pili wa reli, yeye alimfuata mkewe haraka, na naweza kusema haya bila kumwaibisha mtu. Lakini niliporudi walikuwa hai, na Jumapili moja baada ya ibada nilikwenda kuwaona.

Kitanda cha Mama kilikuwa kimeletwa sebuleni, kimewekwa pembeni mwa meza ileile. Miguu yake ilikuwa imevimba, pumzi fupi. Jirani alikuwa ameleta wali na samaki, akauweka mezani. Mwinjilisti alinisalimu, akauliza habari za watoto, akaniita mvivu wa sauti ya pili, kisha akapakua, akachukua sahani yake na kwenda mlangoni. Sasa ilimbidi kuegemeza bega kwenye mwimo wa mlango.

Mama alinivuta mkono. Hakushusha sauti, nadhani alitaka asikie.

"Wananiuliza nataka dawa gani," alisema. "Sitaki dawa. Nataka akae. Maisha yangu yote ya uzee nimekula peke yangu sawa mujane, na bwana yangu iko pale mulangoni. Mara moja tu akae, nimuone uso wakati anakula. Halafu Mungu anichukue, nimechoka."

Nilijua kila mtu amekwisha kujaribu. Lakini nilikuwa nimechoka pia, na uchovu humpa mtu ujasiri wa ovyo.

"Mwinjilisti," nikasema, "yule mchungaji wako wa Wajerumani. Siku aliyomzika mke wake, alikula na nani?"

Hakugeuka. "Na watoto wake waliobaki."

"Meza ilikuwa imetimia?"

Kijiko kikasimama. "Unanifundisha wimbo yangu?"

"Nauliza tu. Waliimba siku ile, au walingoja?"

"Nyamaza!" alifoka, na sijawahi kumsikia akifoka vile, hata kwa mbuzi. Kisha mabega yakashuka. Akasema akitazama barabara, polepole, "Yule alizika. Alijua pahali alimuweka kila muntu. Miye nilizika mji muzima, lakini mutoto wangu sikumuzika. Nikikaa pale, njo nimemuzika. Na mikono yangu mwenyewe. Unaelewa? Nikiimba, nimefunga mulango."

Nilielewa. Ni Mama aliyejibu, kutoka kitandani.

"Miye nilimuzika," alisema. "Zamani. Siku moja nilikuwa napepeta mpunga, nikajua, nikamuzika mu roho yangu, peke yangu. Hakuna aliyenishika mukono. Weye ulikuwa umesimama." Akapumzika kidogo kwa sababu pumzi haikumtosha. "Ulimuambia hatukai bila yeye. Kweli, ulimuambia. Lakini miye niko hapa. Miye si muntu wa meza hii?"

Nje pikipiki ilikwenda, ikarudi. Kisha Mwinjilisti akatoka mlangoni na sahani yake, akaja mpaka kwenye meza, akasimama nyuma ya kiti cha upande wa dirisha. Alikishika mgongo kwa mkono mmoja. Nilidhani atakikalia, lakini alikigeuza, taratibu, kikatazama ukuta, jinsi alivyotufundisha kumfanyia mtu ambaye safari yake inajulikana. Akavuta kiti kingine karibu na kitanda. Nikamshika kiwiko, akakaa.

Hakukuwa na honi. Aliguna, akatafuta, akaguna tena, akaanza.

Nilikuwa nimesahau sauti yake katika wimbo ule. Ilikuwa ndogo, kavu, na chini mno, mahali pale Ramazani alipopaita udongo. Alikosea neno kwenye mstari wa pili, yeye aliyetupiga vidole kwa neno moja. Mama aliingia na sauti ya pili kwa kunong'ona, bila kulegeza, nami nikaimba kile nilichoweza. Ubeti wa kwanza ukaisha. Sheria ilikuwa ubeti mmoja, lakini aliendelea na wa pili, ule wa kuomba, na hapo alilia, pumzi ikaharibika kama alivyotuonya, akauimba hivyohivyo mpaka mwisho.

Wali ulikuwa umepoa. Alipangusa uso kwa kiganja, akasema amina, na kwa mazoea ya miaka yote ile akainua sahani kutoka mezani, akaishika juu ya mkono wa kushoto, karibu na kifua.

Mama akanyoosha mkono kutoka kitandani, akamshika kifundo cha mkono.

"Weka chini," alimwambia. "Meza iko."

Akaiweka.